Chunusi kwa vijana balehe: Maumivu yanayozidi yale yaonekanayo usoni

Chunusi ni miongoni mwa maradhi ya ngozi yanayowapata watu wengi zaidi duniani, na huanza katika umri ambao mtu huijali sura yake kuliko wakati mwingine wowote. Kwa kuwa ni za kawaida, na kwa wengi hupungua miaka inaposonga, wazazi, walimu na hata baadhi ya watoa huduma za afya huzichukulia kuwa jambo dogo. Kijana akilalamika, hujibiwa kwamba hiyo ni balehe na zitapita.

Jibu hilo lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba chunusi nyingi hupita. Lakini miaka mitatu, minne au mitano ya kusubiri zipite ndiyo miaka ambayo kijana hujenga taswira yake mwenyewe, huchagua marafiki, hujifunza kuzungumza mbele ya watu na hufanya mitihani inayoamua mwelekeo wa maisha yake. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba kwa sehemu ya vijana, chunusi huambatana na aibu, kujitenga, wasiwasi uliopitiliza, sonona na, kwa baadhi yao, mawazo ya kujiua.

Makala haya yanaeleza chunusi hutokana na nini, jinsi zinavyogusa hisia za kijana, kwa nini madoa yanayobaki huwasumbua zaidi wenye ngozi nyeusi, na nini kinaweza kufanywa nyumbani, shuleni na katika kituo cha afya.

Chunusi hutokeaje

Karibu kila kinyweleo katika ngozi kina tezi ndogo inayotoa mafuta ya asili ya kuilainisha ngozi. Mtoto anapoingia balehe, mwili wa mvulana na wa msichana huongeza homoni za kundi la androjeni. Homoni hizi huzikuza tezi hizo na kuzifanya zitoe mafuta mengi zaidi. Wakati huohuo, chembe za ngozi zilizokufa hushikamana na kuziba kitundu cha kinyweleo. Mafuta yanayokosa njia ya kutoka hujikusanya chini ya kizibo hicho.

Kitundu kilichoziba huonekana kama kipele cheupe au chenye ncha nyeusi. Weusi huo si uchafu. Hutokana na rangi ya asili ya ngozi na mafuta yaliyokutana na hewa. Bakteria ambao kwa kawaida huishi kwenye ngozi ya kila mtu huongezeka ndani ya kitundu, na kinga ya mwili huwashambulia. Hapo ndipo kipele huvimba, huuma na kujaa usaha. Kwa baadhi ya vijana uvimbe huo huingia chini zaidi na kuwa vinundu vigumu vinavyoacha makovu. Sehemu zinazoathirika zaidi ni uso, kifua, mabega na mgongo, kwa sababu huko ndiko tezi za mafuta zilikojaa.

Makadirio ya kimataifa ya mzigo wa magonjwa ya mwaka 2010 yaliziweka chunusi katika nafasi ya nane kati ya maradhi yanayowapata watu wengi zaidi duniani, zikiwa zimewapata takriban asilimia 9.4 ya watu wote. Inakadiriwa kwamba takriban asilimia 85 ya walio kati ya miaka 12 na 24 hupata chunusi kwa kiwango fulani. Wasichana huanza kuzipata mapema kwa kuwa hubalehe mapema, na wavulana ndio wanaopata kwa wingi zile kali. Urithi nao una nafasi yake: kijana ambaye mzazi wake alikuwa na chunusi kali yumo katika uwezekano mkubwa zaidi wa kuzipata.

Maelezo haya ya kibaiolojia yana uzito pia kwa afya ya akili. Kijana anayeamini kwamba chunusi zake zimetokana na uchafu wake, tabia zake au fikra zake hubeba mizigo miwili: ugonjwa wenyewe, na hatia ya kujiona ndiye aliyeusababisha.

Umri wa kujitazama kwa macho ya wengine

Mwaka 1967, mwanasaikolojia David Elkind wa Marekani alieleza kwamba vijana balehe huishi kana kwamba wako mbele ya hadhira ya kufikirika. Kijana hudhani kwamba kila anayepita anamtazama na kumpima kwa ukali uleule anaojipima nao yeye. Hali hii ni sehemu ya kawaida ya kukua, kwa sababu akili ndiyo kwanza inapata uwezo wa kuwaza kile ambacho wengine wanawaza.

Chunusi huipa hadhira hiyo kitu cha kutazama. Mtoto mwenye maumivu ya tumbo anaweza kukaa darasani bila mtu kujua. Mwenye chunusi hana pa kuuficha ugonjwa wake, kwa sababu uko mahali ambapo kila anayezungumza naye hupatazama. Akisimama mstarini asubuhi, akiitwa ubaoni, akiketi mezani na wageni, uso wake umetangulia kabla hajasema neno.

Hata hivyo, utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2000 unatoa faraja. Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani waliwavalisha wanafunzi fulana yenye picha waliyoionea aibu, kisha wakawaingiza katika chumba chenye wenzao. Waliovaa fulana walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wangekumbuka picha hiyo. Ukweli ni kwamba takriban robo tu ndio walioikumbuka. Watu hututazama kidogo kuliko tunavyodhani. Lakini kijana hawezi kulijua hilo mwenyewe, hasa pale anapokuwa tayari amewahi kuchekwa.

Athari katika hisia na mwenendo

Hisia ya kwanza huwa aibu, nayo hujitokeza zaidi katika vitendo kuliko katika maneno. Kijana huanza kuongea huku mkono umefunika shavu au kidevu. Huketi dawati la nyuma au pembeni. Hukwepa kupigwa picha, au hukubali baada ya kuhakikisha kwamba simu itaziondoa alama usoni. Huvaa sweta wakati wa joto ili kuficha mabega na mgongo, na huacha kuogelea au kucheza mpira kwa kuwa hataki kubadilisha nguo mbele ya wenzake. Baadhi hujitazama kwenye kioo mara nyingi kwa siku. Wengine hukikimbia kabisa.

Baada ya aibu huja kujitenga. Mwaliko wa sherehe hukataliwa kwa kisingizio cha masomo. Swali analolijua jibu lake halijibiwi darasani kwa sababu kujibu ni kugeukiwa na macho arobaini. Walimu wanaweza kuhitimisha kwamba mwanafunzi amekuwa mvivu au mkaidi, ilhali anachokwepa ni kutazamwa. Nyumbani, hasira za ghafla na ukimya mrefu husomwa kama utovu wa adabu.

Mwaka 1999, watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kulinganisha hali ya maisha ya wagonjwa wa chunusi waliofika hospitalini na ile ya watu wenye maradhi mengine sugu. Waligundua kwamba mzigo wa kijamii, kisaikolojia na kihisia waliouripoti wenye chunusi ulilingana na ule wa wagonjwa wa pumu, kifafa, kisukari, maumivu ya mgongo na baridi yabisi. Hakuna anayemwambia mgonjwa wa pumu kwamba anajidekeza.

Nchini New Zealand, utafiti wa wanafunzi wa sekondari uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wenye tatizo la chunusi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na dalili za sonona na wasiwasi, na wa kuripoti kwamba wamewahi kujaribu kujiua. Nchini Norway, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwahoji vijana 3,775 wa miaka 18 na 19. Miongoni mwa wasichana waliosema wana chunusi nyingi sana, asilimia 25.5 walikuwa wamepata mawazo ya kujiua, ikilinganishwa na asilimia 11.9 ya wasichana wasio na chunusi au wenye chache. Kwa wavulana, viwango vilikuwa asilimia 22.6 dhidi ya 6.3. Chunusi ziliambatana pia na kutokuwa na ukaribu na marafiki na kutofurahia shule.

Takwimu hizi zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Tafiti za aina hii huonyesha kwamba mambo mawili hutokea pamoja. Hazithibitishi kwamba moja limesababisha lingine. Vijana wengi wenye chunusi huishi, husoma na kufurahi kama wenzao. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Chunusi kali ni alama inayoweza kumwonyesha mtu mzima mahali pa kutazama kwa makini zaidi.

Idadi ya vipele si kipimo cha maumivu

Jambo ambalo madaktari wa ngozi hulisisitiza ni kwamba ukali wa chunusi na ukali wa maumivu ya kihisia havilingani daima. Kijana mwenye vipele vitano kwenye paji la uso anaweza kuwa ameacha kutoka nje, huku mwenzake mwenye uso uliojaa akiendelea kuongoza kwaya ya shule. Tofauti hutokana na hulka ya mtu, marafiki alionao, maneno aliyoyasikia na jinsi nyumba yake inavyomtazama.

Kwa sababu hiyo wataalamu wameunda njia za kupima athari badala ya kuhesabu vipele. Fomu mojawapo, iliyobuniwa mjini Cardiff nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 1995, humuuliza mtoto maswali 10 kuhusu wiki moja iliyopita: kama ngozi yake imemfanya aone aibu au huzuni, kama imeathiri urafiki, mavazi, michezo, masomo au usingizi, na kama ametaniwa au kuitwa majina. Mzazi asiye na fomu hiyo anaweza kuuliza mambo hayohayo kwa lugha ya nyumbani.

Wavulana na wasichana pia hawaonyeshi maumivu kwa namna moja. Wasichana huzungumza zaidi kuhusu huzuni na kutoridhika na sura yao, na mara nyingi hutafuta ushauri. Wavulana wengi hunyamaza, kwa kuwa wamefundishwa kwamba kujali sura si jambo la kiume. Ukimya wao usichukuliwe kuwa nafuu.

Kuna pia mzunguko unaojirudia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 nchini Marekani uliwafuatilia wanafunzi 22 wa chuo kikuu na kubaini kwamba chunusi ziliongezeka kwa ukali wakati wa mitihani, sambamba na kupanda kwa msongo wa mawazo. Chunusi huleta msongo, na msongo huzichochea chunusi. Kijana akianza kuvitumbua vipele kwa vidole ili vipungue haraka, uvimbe huongezeka, kovu hubaki na mzunguko huanza upya.

Ngozi nyeusi na madoa yanayobaki

Katika ngozi nyeusi, kipele kinapopona mara nyingi huacha doa jeusi. Uvimbe huzichochea chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, nazo huacha rangi ya ziada mahali palipokuwa na jeraha. Doa hilo si kovu. Hufifia, lakini linaweza kuchukua miezi mingi, na wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kwa vijana wengi wa Afrika, madoa ndiyo yanayoumiza zaidi, kwa sababu chunusi zikipungua uso bado unaonekana kama wa mgonjwa.

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi katika mazingira ya Afrika Mashariki. Kijana aliyekata tamaa na asiye na mtu wa kumuuliza huelekezwa na rafiki, na muuza duka la vipodozi au na tangazo la mtandaoni kwenye krimu inayoahidi uso safi ndani ya siku saba. Nchini Tanzania michanganyiko ya namna hiyo hujulikana kama mkorogo. Mingi ina haidrokwinoni, zebaki au dawa kali za jamii ya steroidi.

Siku za mwanzo, mkorogo wenye steroidi hutuliza uvimbe na uso hung'aa, jambo linalomfanya kijana aamini kwamba amepata dawa. Baada ya wiki au miezi, ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo huonekana, na chunusi za aina nyingine huzuka kwa wingi kila anapoacha kupaka. Haidrokwinoni inayotumiwa muda mrefu bila usimamizi wa daktari inaweza kuleta madoa ya rangi ya buluu na nyeusi yasiyotibika kwa urahisi. Zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo.

Viambata hivyo vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, na usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019. Lakini katazo la sokoni pekee halitoshi ikiwa kijana hana mtu mzima wa kumweleza kinachomsumbua. Aliyefungiwa mlango wa kuuliza nyumbani ataingia dukani kimyakimya.

Maneno ya nyumbani na shuleni

Sehemu kubwa ya maumivu ya chunusi hutokana na kinachosemwa kuzihusu. Imani iliyoenea zaidi ni kwamba ni dalili ya tamaa ya mwili, na kwamba zitaisha kijana akioa, akiolewa au akianza kujamiiana. Imani hii haina msingi wowote wa kitabibu. Homoni za balehe huongezeka kwa kila kijana, awe na mpenzi au asiwe naye, na ndoa haizizibi tezi za mafuta. Madhara yake ni mawili: humvunjia msichana au mvulana heshima mbele ya watu kwa jambo asilolifanya, na huweza kumsukuma katika mahusiano yanayomweka katika hatari ya mimba na maambukizi kwa kudhani kwamba anatafuta tiba.

Imani ya pili ni kwamba chunusi ni uchafu. Kijana anayeambiwa kila siku akanawe huishia kusugua uso kwa sabuni kali na dodoki mara nyingi kwa siku, akiichubua ngozi na kuzidisha uvimbe. Imani ya tatu ni kwamba zinaambukiza, hivyo wenzake hukataa kutumia naye taulo, mto au hata kukaa naye karibu. Chunusi haziambukizi kwa kugusana.

Utani nao una nafasi yake. Jamii za Afrika Mashariki hutaniana kwa upendo, na shangazi au mjomba anayetoa maoni kuhusu uso wa mtoto katika hadhara ya harusi huenda hana nia mbaya. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayetania huondoka amesahau, na aliyetaniwa hulala na neno hilo. Majina ya kejeli yanayopachikwa shuleni huweza kumfuata mtoto kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne.

Shule za bweni zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa humo mwanafunzi hana saa ya kujificha. Bafu, bweni, bwalo na darasa vyote ni vya pamoja. Shule inayokataza vipodozi inapaswa kutofautisha kipodozi na dawa ya kupaka iliyoandikwa na mtaalamu wa afya, ili mwanafunzi asinyang'anywe tiba yake wakati wa ukaguzi wala asilazimike kujieleza mbele ya wenzake.

Dalili zinazohitaji hatua ya haraka

Si kila kijana anayesikitikia uso wake ana sonona. Hata hivyo, mzazi au mwalimu anapaswa kuchukua hatua anapoona mambo yafuatayo yakidumu kwa wiki mbili au zaidi:

- kukataa kwenda shule, msikitini, kanisani au kwenye shughuli alizozipenda;
- kushuka kwa alama bila sababu nyingine inayojulikana;
- kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, na kupoteza hamu ya kula;
- kuvitumbua vipele hadi kutoa damu, au kukaa mbele ya kioo kwa saa nyingi;
- kujiita mbaya, asiyefaa au mzigo kwa wengine.

Kauli yoyote ya kutamani kufa au kujidhuru haihitaji kusubiri wiki mbili. Kijana asiachwe peke yake, asikaripiwe wala asitishwe kwa dhambi au adhabu; asikilizwe, kisha apelekwe katika kituo cha afya siku hiyohiyo. Kumuuliza kijana moja kwa moja kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Humfungulia nafasi ya kusema. Nchini Tanzania na Kenya, namba ya simu 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo na mtoto mwenyewe au mtu mzima anayemhofia mtoto.

Tiba ipo, na inahitaji subira

Chunusi hutibika. Zile nyepesi na za wastani hutibiwa kwa dawa za kupaka kama benzoili peroksaidi, adapalini au asidi ya azelaiki, ambayo pia husaidia kufifisha madoa. Zenye uvimbe mwingi zinaweza kuhitaji antibiotiki za kumeza kama doksisaiklini kwa muda wa miezi michache, pamoja na dawa ya kupaka, ili kupunguza usugu wa bakteria. Chunusi kali zenye vinundu na makovu hutibiwa na daktari bingwa kwa isotretinoini. Dawa hii huleta madhara makubwa kwa mimba, hivyo haitolewi kwa mjamzito na huhitaji uangalizi wa karibu, ukiwemo ufuatiliaji wa hali ya moyo na mawazo ya mgonjwa.

Jambo ambalo kijana anapaswa kuelezwa mapema ni muda. Dawa nyingi za chunusi huchukua wiki sita hadi nane kabla ya kuonyesha nafuu, na matokeo kamili huhitaji miezi mitatu au zaidi. Ngozi inaweza kukauka au kuwasha kidogo mwanzoni. Asiyeelezwa hayo huacha dawa wiki ya pili, huamini kwamba hatibiki, na kukata tamaa kwake huongezeka.

Nyumbani, inatosha kunawa uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, kuepuka kutumbua vipele, kutopaka mafuta mazito ya nywele yanayoteremka kwenye paji la uso, na kujikinga na jua, ambalo hukoleza madoa. Dawa ya meno, limau na magadi si tiba. Huichoma ngozi na kuacha madoa zaidi.

Kwa Tanzania, safari ya matibabu inaweza kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na mgonjwa kupewa rufaa inapobidi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kimekuwa kikiwaandaa matabibu na madaktari wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mei 2025, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyatambua magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya ya umma duniani.

Wajibu wa mzazi, mwalimu na mtoa huduma

Mzazi anaweza kuanza kwa kuacha kuutaja uso wa mtoto mbele ya watu. Hatua ya pili ni kumuuliza wakiwa wawili, kwa utulivu, kama chunusi zinamsumbua, na kukubali jibu atakalotoa. Kumwambia kwamba yeye ni mzuri hivyo hivyo ni jambo jema, lakini halichukui nafasi ya kumpeleka kutibiwa. Kijana anayesindikizwa kituoni huelewa kwamba maumivu yake yameaminiwa.

Mwalimu wa malezi na unasihi, pamoja na matroni na patroni wa bweni, wanaweza kuyazuia majina ya kejeli kama wanavyozuia aina nyingine za uonevu. Somo la baiolojia kuhusu balehe ni nafasi nzuri ya kueleza chanzo cha chunusi kwa darasa zima bila kumnyooshea mtu kidole. Darasa linalojua kwamba wengi wao watazipata halina mengi ya kucheka.

Mtoa huduma za afya naye ana swali moja la kuongeza baada ya kuitazama ngozi: namna chunusi hizo zilivyobadilisha maisha ya kijana aliye mbele yake. Swali hilo huchukua dakika moja, na jibu lake huamua kama dawa ya kupaka inatosha au kama mshauri nasaha naye anahitajika.

Chunusi za kijana huenda zikapita kama wazazi wanavyosema. Kinachobaki baada ya kupita ni makovu, ambayo tiba ya mapema huyapunguza, na kumbukumbu ya jinsi watu wake wa karibu walivyomtendea alipokuwa nazo.